Chembe moja, vipenyo vitatu: jinsi ya kusoma takwimu za vifaa vinavyopima chembe za hewani

Faili la kifaa cha kuhesabu chembe zinazoelea hewani halina mapambo. Safu ya kwanza ni saa. Zinazofuata ni mafungu ya ukubwa: mikromita (yaani sehemu za milioni za mita) 0.3 hadi 0.5, kisha 0.5 hadi 1.0, kisha 1.0 hadi 2.5, kisha 2.5 hadi 5, na la mwisho 5 hadi 10. Tuseme mstari mmoja unasomeka hivi: 444, 500, 61, 7, 0. Anayeuona kwa mara ya kwanza atasema kwamba chembe nyingi zaidi zina ukubwa wa kati ya mikromita 0.5 na 1.0, kwamba chembe kubwa ni chache mno kiasi cha kupuuzwa, na kwamba kupita mikromita 5 hakuna kitu. Kauli zote tatu zina kasoro, ilhali kifaa hakijakosea popote.

Mstari huo nimeutunga kwa ajili ya makala haya, nasi tutaurudia mara kwa mara, kwa kuwa humo mna karibu kila mtego unaomnasa mtu anayeanza kuchambua takwimu za aina hii. Lakini kabla ya kuushika, inafaa tujue kifaa kilifanya nini hasa hadi kuandika namba hizo.

Hakuna rula ndani ya kifaa

Chembe zinazoelea hewani huanzia nanomita chache na kufika hadi mikromita 100 hivi. Kutoka nanomita 1 hadi mikromita 100 ni tofauti ya mara 100,000. Ni kama kuorodhesha pamoja punje ya mchanga yenye upana wa milimita moja na jengo lenye urefu wa mita 100. Hakuna mbinu moja inayoweza kupima masafa yote hayo, ndiyo maana kuna vifaa vya aina mbalimbali, na kila kimoja kina lugha yake.

Cha kwanza, kilichoenea kuliko vingine, hutumia nuru. Hewa hunyonywa ikapita mbele ya mwale wa leza, na kila chembe inayokatiza mwale hutoa mmweko. Kitambuzi hugeuza mmweko kuwa msukumo wa umeme, na kimo cha msukumo huo hulinganishwa na jedwali lililotengenezwa kwa kupitisha vitufe, yaani vijipira vya mviringo, vya polistirini (aina ya plastiki) ambavyo ukubwa wake unajulikana. Kwa hiyo kifaa kinaposema "mikromita 0.7," maana yake kamili ni hii: chembe hii imetawanya nuru kama ambavyo kitufe cha polistirini cha mikromita 0.7 kingeitawanya. Ikiwa chembe ni masizi, ambayo hufyonza nuru badala ya kuirudisha, huonekana ndogo kuliko ilivyo. Pia uhusiano wa mmweko na ukubwa haupandi kwa mstari ulionyooka. Mwanafizikia Mjerumani Gustav Mie alitoa hesabu yake mwaka 1908, na ukiichora unaona kwamba pale ukubwa wa chembe unapokaribiana na urefu wa wimbi la nuru, mchoro hulegea na kuyumba, kiasi kwamba chembe mbili za ukubwa tofauti zinaweza kutoa mimweko inayolingana. Chini ya hapo tatizo hugeuka. Kwa chembe ndogo sana kuliko wimbi la nuru, ukipunguza kipenyo kwa nusu, nuru inayotawanywa hupungua mara 64. Ndiyo sababu vifaa vingi vya nuru huishia karibu na mikromita 0.3. Chembe zilizo ndogo kuliko hapo zipo, tena tele, ila kifaa hakizioni.

Cha pili hupima uzito wa mwendo. Hewa husukumwa kwa kasi kupitia tundu jembamba; chembe nyepesi hufuatana nayo papo hapo, nzito huchelewa. Miale miwili ya leza hupima muda ambao chembe imetumia kutoka hapa hadi pale. Kinachopatikana ni kipenyo cha kianga, yaani kipenyo cha kitufe chenye densiti ya gramu 1 kwa sentimita ya ujazo ambacho kingeanguka kwa kasi sawa na chembe yetu. Hiki ndicho kipenyo kinachotajwa katika PM2.5 na PM10, yaani vipimo vya chembe zisizozidi takriban mikromita 2.5 na mikromita 10.

Cha tatu ni cha chembe ndogo, kutoka nanomita chache hadi karibu mikromita moja. Chembe hupewa chaji, hupitishwa katika uga wa umeme, na kwa kila kiwango cha volti huchaguliwa zile tu zinazosogea kwa kasi fulani. Zilizochaguliwa bado ni ndogo mno kuonekana kwa leza, kwa hiyo hupitishwa katika mvuke, mara nyingi wa butanoli, hadi mvuke unaganda juu yao na kila moja inakuwa tone la mikromita kadhaa. Hapo sasa huhesabika.

Vipenyo hivi vitatu si majina matatu ya kitu kimoja. Chukua chembe ya salfeti ya amonia, ambayo ni kavu na ya mviringo, yenye kipenyo halisi cha mikromita 2. Densiti yake ni gramu 1.77 kwa sentimita ya ujazo. Kipenyo chake cha kianga hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa kipeuo cha pili cha 1.77, nacho ni karibu 1.33, kwa hiyo jibu ni mikromita 2.66. Chembe ambayo darubini ingeiweka ndani ya mpaka wa mikromita 2.5, kwa sheria ya PM2.5 imo upande wa nje. Na mpaka huo nao si ukuta: PM2.5 hutafsiriwa kwa mlango ambao chembe za kipenyo cha kianga cha mikromita 2.5 hupita nusu na kuzuiwa nusu, huku ndogo zaidi zikipita kwa wingi na kubwa zaidi zikipungua polepole.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimeona michoro mingi inayounganisha takwimu za vifaa viwili kwenye mhimili mmoja wa ukubwa bila neno lolote kuhusu densiti wala umbo. Mistari miwili isipokutana, mtu huanza kushuku kifaa. Mara nyingi vifaa vyote viwili vinasema kweli, kila kimoja kuhusu kipenyo chake. Kabla ya kuviunganisha, lazima mchambuzi achague densiti, aiandike waziwazi, na aonyeshe jinsi jibu linavyobadilika densiti hiyo ikipandishwa au kushushwa kidogo. Masizi huleta ugumu zaidi, maana ni minyororo ya vijipira vidogo yenye nafasi nyingi katikati, na kadiri mnyororo unavyokua ndivyo densiti yake ya jumla inavyoshuka.

Upana wa fungu

Sasa turudi kwenye mstari wetu. Fungu la pili lina chembe 500, la kwanza 444. Lakini mafungu hayana upana sawa. La kwanza linakwenda kutoka 0.3 hadi 0.5, la pili kutoka 0.5 hadi 1.0. Anayetega wavu mpana atapata samaki wengi hata kama upande wake wa bahari hauna samaki zaidi.

Ili kulinganisha kwa haki, idadi ya kila fungu hugawanywa kwa upana wa fungu hilo. Na kwa kuwa ukubwa wa chembe hupimwa kwa mara ngapi, si kwa tofauti ya kutoa, upana hupimwa kwa logi (hapa logi ya kumi): logi ya mpaka wa juu kutoa logi ya mpaka wa chini. Kwa fungu la kwanza hiyo ni 0.222, kwa la pili 0.301, kwa la tatu 0.398, na kwa la nne tena 0.301. Gawanya, utapata karibu 2,000 kwa la kwanza, 1,660 kwa la pili, 153 kwa la tatu na 23 kwa la nne. Kilele kimehama. Chembe zimesongamana zaidi katika fungu la kwanza, na kwa jinsi mchoro unavyopanda kuelekea kushoto, huenda kilele chenyewe kiko chini ya mikromita 0.3, mahali ambapo kifaa hiki hakifiki.

Hiyo ndiyo maana ya alama dN/dlogD (N ni idadi ya chembe, D ni kipenyo) inayoandikwa kwenye mhimili wa wima wa takriban kila mchoro wa fani hii. Kimo cha mstari si idadi ya chembe. Idadi ni eneo lililo chini ya mstari, kati ya ukubwa mmoja na mwingine. Faida yake ni kwamba vifaa viwili vyenye mafungu tofauti, kimoja matano na kingine mia moja, vinaweza kuchorwa pamoja vikalingana. Angalia tu kama programu imetumia logi ya kumi au logi asilia, kwa maana vimo vya mchoro hutofautiana mara 2.3 kati ya hizo mbili. Kosa hili huingia kimyakimya pale takwimu za timu mbili zinapokutana.

Chembe saba zinazobeba mzigo

Kauli ya pili ya yule msomaji wetu ilikuwa kwamba chembe kubwa ni chache mno, zipuuzwe. Ni kweli ni chache: 7 kati ya 1,012. Tuone zinabeba nini.

Ujazo wa kitufe hukua kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu. Chembe moja ya mikromita 10 ina ujazo wa chembe milioni moja za mikromita 0.1. Kwa mstari wetu, chukua katikati ya kila fungu, ile ya kijiometri, yaani kipeuo cha pili cha mpaka wa chini mara mpaka wa juu. Pandisha kwa kipeo cha tatu, zidisha kwa idadi. Chembe 444 za fungu la kwanza, zilizo karibu nusu ya chembe zote, zinabeba asilimia 3 hivi ya ujazo wote. Chembe 7 za fungu la nne zinabeba asilimia 41.

Kwa hiyo swali "chembe nyingi ziko wapi?" halina jibu moja. Kwa idadi ziko kushoto, kwa ujazo ziko kulia, na kwa eneo la uso ziko mahali pengine katikati. Nani ana haki ya kuchagua? Anayejua anatafuta nini. Mtu anayefuatilia kuzaliwa kwa chembe mpya kutokana na gesi ataangalia idadi. Anayelinganisha na viwango vya hewa safi ataangalia tungamo, maana viwango vimeandikwa hivyo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa PM2.5 kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, nusu ya kile cha mwaka 2005. Anayechunguza jinsi gesi zinavyojishikiza kwenye chembe ataangalia eneo la uso.

Lakini kupanda kutoka idadi hadi tungamo kuna gharama. Ukikosea kipenyo kwa asilimia 10 kwenda juu, ujazo unakosewa kwa asilimia 33. Ukikosea kwa asilimia 20, kosa ni asilimia 73. Na yale yote tuliyosema kuhusu masizi na polistirini yanaingia hapa yakiwa yameshazidishwa mara tatu. Kisha ongeza densiti, ambayo kifaa cha nuru hakiijui hata kidogo; mtu fulani ameiandika kwenye programu.

Kuna na jambo la bahati. Chembe hufika kwenye leza bila mpangilio, moja moja, na idadi ya aina hiyo ina mashaka yanayokaribia kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Ukihesabu chembe 10,000, mashaka ni asilimia 1. Ukihesabu 100, ni asilimia 10. Zile 7 zetu zina mashaka ya karibu asilimia 38, nazo ndizo zinazobeba asilimia 41 ya ujazo. Jumla nzima ya tungamo imesimama juu ya chembe saba.

Hapo ndipo ile sifuri ya mwisho inapopata uzito. Tuseme kwa kawaida hewa hii ingeleta chembe moja ya mikromita 5 hadi 10 katika muda kama huo. Uwezekano wa kutokuona hata moja ni asilimia 37, zaidi ya mara moja katika kila vipimo vitatu. Na kama ingejitokeza hiyo moja tu, ujazo wake ungezidi ule wa chembe saba zote za fungu la nne. Sifuri katika fungu la chembe kubwa haimaanishi kwamba hazipo. Maana yake ni kwamba hewa iliyopimwa haikutosha. Dawa yake ni kujumlisha muda: acha mafungu madogo yasomwe kila dakika, na makubwa yajumlishwe kwa nusu saa au saa nzima. Kuyaonyesha yote kwa hatua ya dakika moja ni kuchora kelele.

Wengi hukwepa usumbufu huu kwa kuuweka mtawanyo katika umbo la kihesabu lenye mwinuko mmoja kwenye mhimili wa logi, linaloelezwa kwa namba mbili tu: wastani wa kijiometri na mkengeuko sanifu wa kijiometri. Ukiwa na wastani wa nanomita 100 na mkengeuko wa 2, basi asilimia 68 ya chembe ziko kati ya nanomita 50 na 200, kwa kugawanya na kuzidisha kwa 2. Kanuni za Hatch na Choate za mwaka 1929 hukuruhusu kuruka kutoka idadi hadi tungamo moja kwa moja. Kwa mfano huu, kipenyo kinachogawanya tungamo nusu kwa nusu ni karibu nanomita 423, zaidi ya mara nne ya kile cha idadi. Ni zana nzuri. Lakini hewa ya nje mara chache huwa na mwinuko mmoja. Kenneth Whitby alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kwa kawaida kuna mitatu: chembe changa zilizotoka kwenye gesi, chembe zilizokusanyika na kukaa hewani kwa siku kadhaa, na vumbi lililosagika. Ukizilazimisha zote ndani ya mwinuko mmoja, unapata wastani ambao hauelezi kundi lolote.

Pale jibu linapotafutwa kinyumenyume

Kifaa cha uga wa umeme kinahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa namba zake ghafi haziko karibu kabisa na mtawanyo unaoonyeshwa kwenye skrini.

Kwanza, si kila chembe hupata chaji. Kwa chembe za nanomita 10, karibu 5 katika kila 100 ndizo hupata chaji moja hasi. Kwa nanomita 100, ni chini kidogo ya 30. Programu hujua uwiano huu na hurudisha idadi halisi kwa kuzidisha, kwa hiyo chembe 5 zilizohesabiwa karibu na nanomita 10 huandikwa kama 100. Mashaka ya zile tano yamezidishwa pamoja nazo. Mkia wa kushoto unaoruka juu na chini mara nyingi si habari ya hewa, ni mkuzo huu.

Pili, chembe nyingine hupata chaji mbili. Chembe ya nanomita 150 hivi yenye chaji mbili husogea kwenye uga sawasawa na ya nanomita 100 yenye chaji moja, na kifaa hakina njia ya kuzitofautisha. Marekebisho huanza kutoka chembe kubwa kabisa kushuka chini: ukijua kuna chembe ngapi za nanomita 150, unajua ni ngapi kati yake zilizojificha katika fungu la 100, unazitoa. Lakini ikiwa kuna chembe zilizo kubwa kuliko mwisho wa kifaa na hazikuzuiwa mlangoni, hakuna pa kuanzia, na kosa hushuka ngazi kwa ngazi.

Tatu, kazi nzima ni ya kinyumenyume: unajua matokeo, unatafuta kilichoyaleta, na mitawanyo kadhaa tofauti inaweza kuleta matokeo yaleyale ndani ya mashaka ya kipimo. Programu huchagua mmoja kwa kupendelea mstari laini. Ukilainisha mno, miinuko miwili iliyo jirani huyeyuka kuwa mmoja. Ukilainisha kidogo mno, miinuko ya uongo huchipuka. Ripoti isiyosema ni kiasi gani cha ulainishaji kilitumika imeacha sehemu muhimu ya kipimo bila kuandikwa.

Na kuna muda. Kifaa hupanda volti polepole, kutoka chembe ndogo hadi kubwa, kwa dakika mbili hadi tano. Sehemu ya kushoto ya mchoro na ya kulia hazikupimwa kwa wakati mmoja. Moshi wa gari ukipita kwa sekunde ishirini katikati ya safari hiyo, mchoro utaonyesha mwinuko mkali kwenye ukubwa uliokuwa ukipimwa wakati huo, kana kwamba hewa ilijaa chembe za nanomita 80 pekee. Njia ya kuugundua ni kuweka kando kifaa cha pili kinachohesabu chembe zote kwa jumla kila sekunde. Jumla ikiruka katikati ya safari, mstari huo wa takwimu uwekewe alama na usiingizwe kwenye wastani.

Kabla hewa haijafika kwenye leza

Makosa mengine hutokea bombani. Chembe ndogo sana hutangatanga na kunasa kwenye kuta. Kubwa hushindwa kukata kona au huanguka njiani. Bomba fupi, lililosimama wima, huokoa kazi nyingi ya marekebisho. Hewa ikiwa na chembe nyingi kupita kiasi, mbili hupita mbele ya leza kwa pamoja na kusomwa kama moja iliyo kubwa zaidi, kwa hiyo moshi mzito huonekana kuwa na chembe chache na kubwa. Mkondo wa hewa ukikosewa kwa asilimia 5, kila idadi imekosewa kwa asilimia 5.

Unyevu unastahili zaidi. Chembe ya chumvi ya kawaida hubaki kavu hadi unyevuanga unapofika karibu asilimia 75, kisha ghafla hunywa maji na kuwa tone. Kwenye asilimia 80 kipenyo chake ni karibu mara 1.8 ya kile cha ukavuni, na ujazo karibu mara 6. Hakuna kilichoongezeka hewani ila maji. Ndiyo maana vituo vya muda mrefu hukausha hewa hadi chini ya asilimia 40 kabla ya kupima, na ndiyo maana safu ya unyevu ndiyo ya kwanza ninayoitafuta ninapopewa faili la kifaa kisichokausha. Grafu ya tungamo ikipanda kila alfajiri na kushuka jua linapochomoza, nauliza kuhusu maji kabla ya kuuliza kuhusu moshi.

Vihisi vya bei nafuu vinavyouzwa siku hizi vina tabia hii pia, na nyingine ya ziada. Vingi huandika safu tano au sita za ukubwa, lakini ndani hupima nuru inayotawanywa na chembe nyingi kwa pamoja, na mafungu hutolewa na kanuni iliyoandikwa na mtengenezaji. Kuna jaribio rahisi la kuligundua hilo. Gawanya safu moja kwa nyingine, kwa mfano chembe zilizozidi mikromita 2.5 kwa zile zilizozidi 0.3, uchore uwiano huo kwa wiki kadhaa zenye siku za vumbi na siku za moshi. Vumbi na moshi hutofautiana mno kwa ukubwa, kwa hiyo uwiano unapaswa kupanda na kushuka waziwazi. Ukibaki karibu palepale siku zote, una safu moja ya takwimu iliyoandikwa mara sita, na inafaa uitumie kama safu moja.